Uzi wa Kwanza Bila Skrini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya Vijayadashami, sikukuu ya kuanza kazi upya, skrini ilikuwa nyeusi.

Kayalvizhi alizima swichi ya ukutani, akasubiri, akaiwasha tena. Taa ya kompyuta ndogo, kibao kimoja cha saketi kisichozidi ukubwa wa pakiti ya biri, iliwaka, ikazimika, ikawaka. Skrini nyembamba iliyofungwa ubavuni mwa kitanda cha kufumia ilipauka kidogo, ikaonyesha alama ya radi ya manjano kwenye kona, ikarudi gizani. Kisha mambo yaleyale yakajirudia yenyewe, bila yeye kugusa kitu.

Jana yake ilikuwa siku ya zana kupumzika. Nyumba nzima ilikuwa imeoshwa, na kila chombo cha kazi kilikuwa kimepakwa liwa na nukta ya poda nyekundu: makasi, bobini, pikipiki, kichwa cha kitanda chenye sumaku za kuinua nyuzi, kompyuta, chaja yake, hata ukingo wa skrini. Siku nzima hakuna aliyefuma wala kukata wala kuandika. Leo kazi ilipaswa kuanza kabla ya saa tatu. Saa tatu ya Jumamosi ndipo Rahu, sayari ya nuksi, anapoingia, na hakuna mfumi wa Elampillai anayeanza jambo wakati wa Rahu.

"Vipi?" aliuliza Ilango, mumewe, akiingia na mswaki mdomoni.

"Inawaka, inazima."

"Juzi si ilikuwa inafanya kazi?"

"Juzi ilikuwa inafanya kazi."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo hivyo unavyoona. Kateme dawa, uje unishikie tochi."

Ilango hakuondoka. Alitazama mtande wa hariri uliotandazwa kwenye kitanda, rangi ya mbilingani, umekazwa tayari.

"Mzee Nallathambi anakuja saa mbili."

"Najua."

"Amesema akikuta..."

"Nilikuwepo. Uliweka spika."

Alichosema Nallathambi, tajiri wa sari anayewapa kazi, kwenye spika ni kwamba ameona, dukani kwa mshindani wake Veeramani, sari yenye pindo la tausi kama lake. Mchoro wa pindo hilo aliuleta mwenyewe katika nyumba hii, kwa sharti kwamba usitoke chumba cha kitanda. Sasa alitaka kuuona kwa macho yake ndani ya mashine, kisha aone uzi wa kwanza ukipita. Asipoona, anapakia mtande wake. Mtande ulikuwa wake, mchoro ulikuwa wake. Kitanda peke yake ndicho kilikuwa cha familia, na kitanda kisicho na mtande ni mbao.

Kayalvizhi alipiga magoti. Kulikuwa na waya tatu tu. Mmoja wa picha, kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye skrini. Mbili za umeme, mmoja wa kompyuta na mmoja wa skrini, zote zikitoka kwenye chaja moja nyeupe yenye midomo miwili. Alizichomoa, akazipuliza, akazirudisha moja moja. Yeye ndiye aliyeufunga mtambo huu mwanzoni mwa mvua, sanduku la kiwandani lililokuwa likiongoza kitanda lilipokufa; alikuwa na stashahada ya elektroniki, na Linux aliizoea tangu chuoni. Hakuna mwingine ndani ya nyumba aliyejua waya upi ni wa nini.

Hilo ndilo lililokuwa likiisumbua nyumba.

"Shemeji, hiyo ni sala au ni nini?" Sabapathi, mdogo wake Ilango, alikuwa amesimama mlangoni akijikuna tumbo. "Umeinama hapo tangu alfajiri."

"Skrini haiwaki."

"Haiwaki?" Aligeuza kichwa. "Mama! Njoo usikie. Sinema ya shemeji imekatika."

Pavayi alikuja na vidole vyeupe kwa unga wa mchele aliokuwa akichorea kizingiti. Shada la funguo za nyumba lilining'inia kiunoni mwake na lilitangulia kusikika kabla yake. Alitazama skrini, halafu mkazamwana wake.

"Jana mchana nilimwona hapa," alisema Sabapathi. "Zana zote zimelala, yeye kaingiza mkono nyuma ya mashine."

"Ulimwona?"

"Kwa macho haya mawili."

"Mke wa Ilango, ni kweli?"

"Niliona waya zimesogezwa, mama. Nilitaka kuzisukuma zikae vizuri. Shemeji akaingia, nikaacha."

"Siku ambayo hata kalamu haishikwi."

"Sikuwasha."

"Nani alikuona hukuwasha?"

Kayalvizhi hakuwa na shahidi. Nje, kwenye kibaraza, baba mkwe wake Arthanari alikuwa akitafuna tambuu. Alikuwa amekata kadi za matundu za mafumo, zilizoongoza vitanda kabla ya kompyuta, maisha yake yote, mpaka macho yalipomkataa, na alisikia vizuri.

"Kadi hazizimi," alisema kwa sauti, bila kumlenga mtu.

"Umemsikia baba yako?" Pavayi alimwambia Ilango. "Kadi zililala na mungu, asubuhi zikaamka. Hazikuwa na neno la siri. Kila mwenye mikono aliweza kuzifunga. Sasa kitanda cha baba yako kiko mfukoni mwa mtu mmoja, na huyo mtu kila wiki anaongea na kaka yake wa Coimbatore kwa sauti ya chini."

"Naongea kwa sauti ya chini kwa sababu baba anakuwa amelala, mama."

"Mnasikia? Jibu liko tayari siku zote."

*

Nallathambi alifika na gari dogo la mizigo. Wapakizi wawili walishuka na kamba, wakachuchumaa chini ya mgomba uliofungwa langoni kwa ajili ya sikukuu. Yeye aliingia moja kwa moja. Pavayi alimtolea kahawa ya maziwa katika kikombe cha chuma.

"Baadaye," alisema.

Katika nyumba ya mfumi hakuna tajiri anayekataa kahawa bila kutaka ijulikane kwamba ameikataa. Pavayi aliweka kikombe dirishani.

"Iko wapi?" aliuliza Nallathambi.

Ilango alionyesha. Skrini ilipauka, ikatoa ile alama ya radi, ikafa.

"Juzi ulinambia inafanya kazi."

"Juzi ilikuwa inafanya kazi, tajiri."

"Juzi nilipiga simu kuuliza habari za Veeramani. Leo haifanyi." Aliongea polepole, kama anayekagua kitambaa kwa dole gumba. "Nani anajua neno la siri la mashine hii?"

"Mimi," alisema Kayalvizhi.

"Peke yako?"

"Nilimpa mume wangu. Alilisahau."

Sabapathi alicheka puani. Ilango alitazama miguu yake.

"Nipe simu yako, binti."

Kayalvizhi hakumtazama Nallathambi. Alimtazama mumewe, akampa muda wa kutosha kusema neno. Ilango alilisema.

"Mpe tu aone, tumalize."

Alimpa. Nallathambi alivaa miwani, akakaa kwenye kiti pekee kilichokuwa chumbani, akaanza kupekua kwa kidole kimoja. Alipita picha za Kayalvizhi: harusi ya binamu, mguu wa mama yake uliovimba, ndoo iliyopasuka, paka. Sabapathi alisimama nyuma ya kiti naye akaangalia. Pale kwenye picha ya mguu alisema, "Duh," na hakuna aliyemkemea.

Kidole cha Nallathambi kilisimama.

"Hii nini?"

"Ni skrini. Siku ilipowaka mara ya kwanza. Nilimtumia kaka kumwonyesha kwamba imewaka."

"Na hiki kilichomo kwenye skrini?"

"Pindo."

"Pindo la nani?"

"Lako, tajiri. Kipande."

"Kipande!"

"Upana wa kiganja. Kaka yangu anauza pampu za maji. Hana kitanda."

"Hakuna mtu wa ukoo wa wafumi asiye na mjomba mwenye kitanda."

Pavayi alijipiga mdomo kwa kiganja. Kibarazani, Arthanari aliacha kutafuna. Jambo hilo lilikuwa kweli na hakukuwa na namna ya kulipunguza: sharti lilikuwa mchoro usitoke chumbani, na kipande chake kilitoka.

"Nilisema mimi," alisema Sabapathi. "Nilisema, mkaniona mpumbavu."

"Tajiri," Kayalvizhi alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Kosa hilo nimelifanya. Lakini la Veeramani silijui. Wewe umeliona pindo lake. Angalia letu, ulinganishe. Kama ndilo lilelile, pakia."

"Niliangalie wapi? Kwenye giza hili?"

"Nipe mpaka saa tatu."

Nallathambi alitazama saa yake ya mkononi, akatoka hadi mlangoni, akawaambia wapakizi: "Rahu akiingia, nanyi mnaingia."

*

Kayalvizhi alichomoa waya wa umeme wa skrini kutoka kwenye chaja, akauacha ukining'inia. Taa ya kompyuta iliwaka. Alihesabu kimoyomoyo. Haikuzimika.

Alichomeka waya ule. Taa ikazimika, ikawaka, ikazimika. Akauchomoa tena. Ikatulia.

"Bila skrini kompyuta inasimama vizuri," alisema. "Kitanda kinaweza kufuma sasa hivi."

"Hebu nikuelewe," alisema Nallathambi. "Nisipoweza kuona, inafanya kazi. Nikitaka kuona, inakufa."

"Ndiyo."

"Unasikia unachosema?"

"Nasikia. Maana yake ni umeme. Unamtosha mmoja, hauwatoshi wawili. Skrini hii haina umeme wake, inanyonya palepale inaponyonya kompyuta. Ikiwaka, inamnyang'anya mwenzake. Ile alama ya radi ndiyo inayosema hivyo: njaa. Juzi umeme uliwatosha wote wawili."

"Umeme wa serikali umepungua nguvu kwa ajili ya sikukuu?" Sabapathi aliuliza.

Kayalvizhi aliing'oa chaja kwenye soketi akaigeuza. Ilikuwa nyeupe, yenye midomo miwili, kama siku zote. Mahali ambapo kiwanda kiliandika tarakimu zake palikuwa na liwa iliyokauka, na juu ya liwa nukta ya poda nyekundu. Alianza kuikwangua kwa ukucha.

"Ee mama yangu!" Pavayi alimshika mkono. "Unakwangua baraka ya mungu mbele ya watu?"

"Nataka kusoma, mama."

"Nimeipaka mimi kwa kidole changu!"

"Nitaipaka nyingine. Niachie mkono."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo. Pavayi aliuachia. Liwa ilidondoka vipande vipande kwenye sari ya Kayalvizhi, na yeye akaisogeza chaja kwenye mwanga wa dirisha, karibu na kahawa iliyokuwa ikipoa.

"Hii si yangu."

"Chaja ni chaja," alisema Sabapathi.

"Yangu tarakimu yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hii. Hii ni ya kuchajia simu." Aligeuka. "Shemeji, chaja yako ya simu ikoje?"

"Yangu? Nyeupe."

"Ina midomo mingapi?"

Watu wote walimtazama Sabapathi. Nallathambi alivua miwani ili amtazame vizuri zaidi.

"Mbona mnaniangalia mimi? Nangojea nini basi, naileta." Walimsikia akifungua na kufunga vitu chumbani kwake. Aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu. "Haipo."

"Aa," alisema Nallathambi.

"Haipo! Tangu juzi usiku nachajia kwa jirani! Naapa kwa koo langu, tajiri, mimi hata waya upi unaingia wapi sijui."

"Jana mchana ulikuwa chumba hiki," alisema Ilango. "Umesema mwenyewe."

"Nilikuja kumwangalia yeye!"

"Au yeye ndiye aliyekuja kukuangalia wewe?" aliuliza Nallathambi.

Sabapathi alifungua mdomo, akamtafuta mama yake kwa macho. Pavayi alikuwa akifikicha unga vidoleni, kidole kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu, ingawa unga ulikuwa umekwisha kutoka.

Kayalvizhi alikuwa ameacha kuwasikiliza. Kupitia mlango wazi alikuwa akitazama sebuleni, kwenye shubaka la ukuta. Pale ndipo madhabahu ya sikukuu ilipokuwa: picha ya mungu wa kike na kinanda chake, chungu cha shaba chenye nazi, koja la maua ya njano, bisi za mchele katika sinia, kitabu cha hesabu cha shule kilichoazimwa kwa mtoto wa jirani. Kuizunguka picha yote kulikuwa na mkufu wa vitaa vidogo vyekundu. Viliwaka kwa nguvu, bila kutetemeka hata kimoja. Alifuata waya wake kwa macho: nyuma ya koja, kando ya chungu, chini ya kitambaa.

"Mama," alisema, "taa za mungu zinakula umeme wa nini?"

Pavayi alinyoosha mgongo.

"Ilango kazinunua sokoni. Zina waya kama wa simu. Nilizichomeka kwenye chaja ya Sabapathi, zikafifia kama macho ya mgonjwa. Nikachukua yako, zikawaka. Nikakuwekea yake. Nyeupe nilichukua, nyeupe nilirudisha. Nimeiba?"

"Uliona kwamba yangu ina nguvu kuliko yake."

"Niliona taa zimewaka."

"Ulikuwepo hapa walipokuwa wakinipekua simu."

"Simu na chaja vinahusiana nini? Mimi nimesomea wapi hayo?"

Kama Pavayi alijua au hakujua, siku ile hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo, na siku zilizofuata pia.

*

"Basi itoeni chaja hiyo," alisema Nallathambi.

"Haitoki," alisema Pavayi.

"Mama..." Ilango alianza.

"Haitoki! Katika nyumba hii madhabahu haisogezwi kabla uzi wa kwanza haujapita. Mungu aone kwanza kazi imeanza, ndipo aondoke. Mama yake baba yenu alifanya hivyo, na mama yake yeye. Leo niivunje kwa sababu ya chaja?"

"Hivyo ndivyo ilivyo," alisema Arthanari kutoka kibarazani.

"Iko chini ya kitambaa tu, mama, naweza kupenyeza mkono..."

"Chungu kiko juu yake. Kiguse chungu uone."

Nallathambi mwenyewe alikuwa na madhabahu dukani kwake, na vitabu vyake vya biashara vilikuwa vimelala chini yake tangu jana. Hakuwa mtu wa kuamuru ya mwenzake ibomolewe. Alitazama saa.

"Chaja nyingine," alisema Ilango. "Yangu ile ya mdomo mmoja. Skrini tuichomeke kwake peke yake."

"Kwenye tundu lipi?" Kayalvizhi aliuliza. Soketi ya chumba ilikuwa na matundu mawili, moja la chaja na moja la sanduku la sumaku. "Kebo ya nyongeza iko wapi?"

Wote waligeukia shubaka tena. Kebo ya nyongeza nayo ilikuwa chini ya kitambaa.

"Nenda dukani."

"Duka gani limefunguliwa leo asubuhi?"

Mmoja wa wapakizi alichungulia mlangoni, akamwona tajiri wake amekunja uso, akarudi kwenye kivuli cha mgomba.

Kayalvizhi aliichukua ile chaja ya simu iliyokwanguliwa, akairudisha kwenye soketi. Akachomeka waya wa kompyuta. Wa skrini akauacha chini.

"Uzi mmoja bila skrini," alisema. "Mama anataka uzi wa kwanza upite ndipo madhabahu isogezwe. Tajiri anataka aone mchoro ndipo uzi upite. Mmoja wenu lazima atangulie kuniamini. Mama hawezi, kwa sababu ya mungu. Umebaki wewe, tajiri."

"Nimekwishasema sifumiwi gizani."

"Uzi mmoja. Makasi yale pale. Ukiona umepita vibaya, ukate."

"Kwenye hariri yangu."

"Kwenye hariri yako. Kisha upakie."

Nallathambi alifikiri. Alichukua makasi yaliyokuwa na nukta za liwa kwenye mpini, akaenda kusimama upande wa pindo, makasi wazi mkononi. Ilango aliketi kitandani, akaweka miguu kwenye kanyagio. Simu ya Kayalvizhi ilikuwa bado mfukoni mwa shati la Nallathambi. Ilionekana ikisukuma kitambaa.

Kayalvizhi aliweka kibodi magotini, mbele ya skrini iliyokufa, akaanza kuandika.

"Anaandika nini?" aliuliza Sabapathi. "Tajiri, anaandika kitu ambacho hakuna anayekiona!"

"Neno la siri. Baadaye jina la mchoro."

"Utajuaje umeandika sawa?"

"Sitajua. Sumaku zitajua."

Alibonyeza mara ya mwisho. Walisubiri. Kichwa cha kitanda kilikaa kimya kabisa. Kikombe dirishani kilikuwa na utando juu ya kahawa. Nallathambi alishusha makasi hadi karibu na nyuzi.

"Sss," alisema Sabapathi.

"Nyamaza wewe," alisema Arthanari. Alikuwa amesimama mlangoni, uso umeelekea juu, kwenye kichwa cha kitanda, ambako hakuweza kuona kitu. "Herufi ya kwanza ya jina. Kubwa au ndogo?"

Kayalvizhi alisita. Arthanari alikuwa amemsikiliza akiandika tangu mwanzo wa mvua, na mara hii mlio mmoja ulikosekana. "Kubwa," alisema. Aliandika tena, safari hii polepole.

Sumaku zilipiga zote kwa pamoja, kama mvua ya mawe kwenye bati. Ndoano zilipanda. Nyuzi za mtande zikagawanyika. Ilango alikanyaga, akavuta kamba, na kibobini chenye uzi wa dhahabu kikapita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akaubana kwa chanuo.

Nallathambi aliinama hadi pua yake ikakaribia pindo. Uzi mmoja hauonyeshi tausi. Unaonyesha tu kwamba dhahabu imejitokeza hapa, ikazama pale, ikajitokeza tena, kwa mpangilio. Hakuukata.

Sebuleni, Pavayi aliwasha kafuri, akaizungusha mara tatu mbele ya picha, akakisogeza chungu kuelekea kaskazini, ishara kwamba mungu ameruhusiwa kuondoka. Vitaa vyekundu vilizimika. Alirudi na chaja mkononi. Kayalvizhi alinyoosha viganja viwili kuipokea. Pavayi aliiweka sakafuni, hatua moja kutoka kwake, akasimama kando.

Kayalvizhi aliinama akaiokota.

*

Skrini iliwaka ikabaki inawaka. Kwanza mistari ya maandishi ilishuka mbio, kisha weusi kidogo, ambao ulimfanya Nallathambi akunje uso, kisha pindo lote, upana mzima wa skrini, tausi baada ya tausi.

Nallathambi alivuta kiti. Alitazama kwa muda mrefu, akasogeza kidole juu ya kioo bila kukigusa.

"Wa Veeramani amefumba mdomo," alisema hatimaye. "Huyu ana punje mdomoni. Na shingo ya yule imekunjwa nyuma."

"Kwa hiyo si huu?" aliuliza Ilango.

"Si huu."

"Kwa hiyo shemeji hakuiba?" Sabapathi alisema.

"Nimesema si huu. Sikusema zaidi."

Alitoa simu mfukoni. Aliifuta mwenyewe ile picha, akaitafuta mahali ilipotumwa, akaifuta na huko, akaangalia tena kama imekwisha. "Simu isiingie chumba hiki," alisema, akampa Ilango, ingawa Kayalvizhi alikuwa karibu zaidi. Kisha alichukua kikombe dirishani, akautoa utando kwa kidole, akanywa kahawa baridi yote bila kupumzika, akarudisha kikombe kwa Pavayi. Nje, wapakizi walikunja kamba zao na kupanda gari. Rahu alikuwa bado hajaingia.

Gari lilipoondoka, Kayalvizhi alikwenda kibarazani.

"Baba, lile sanduku la kadi bado lina kufuli?"

Arthanari alitafuna kwanza.

"Lina. Kona moja imeliwa na kutu."

"Tundu linatosha waya kupita?"

"Panya anapita."

Alifungua kikopo chake cha tambuu, akachokonoa chini ya majani, akatoa ufunguo mdogo uliotiwa madoa ya chokaa. Aliuweka kwenye kiganja cha Kayalvizhi.

Sanduku la bati lilikuwa pembeni mwa chumba, chini ya soketi, limejaa kadi za zamani. Kayalvizhi aliipaka chaja yake liwa mpya na nukta ya poda, akaichomeka kwenye kebo ya nyongeza iliyotoka madhabahuni, akavilaza vyote juu ya kadi, akapitisha waya kwenye kona iliyoliwa na kutu, akafunga kifuniko, akatia kufuli. Pavayi alikuwa mlangoni na sinia la dengu za nazi za sikukuu. Funguo zake hazikulia, kwa sababu hakusogea. Kayalvizhi aliufunga ufunguo kwenye ncha ya sari yake kwa mafundo mawili, akaichomeka kiunoni.

Ilango akakanyaga, na uzi wa pili ukapita.